Mwaka Nilipoufundisha Utumbo Wangu Kula

Bi Zuhura alizikwa siku ya Jumatano. Nilipofika nyumbani kwao Mkomani, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na sahani za pilau zimeanza kupitishwa upande wa wanawake. Nilijitanda leso yangu vizuri, nikaketi karibu na mlango, nikapokea sahani. Mpwa wake, binti wa miaka kama thelathini hivi, aliniona nikila vijiko vinne vitano kisha nikaisogeza sahani kando, akaniuliza kwa upole kama chakula hakikunipendeza. Nikamwambia kimenipendeza sana, ila mimi hula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na nikila sinywi maji mpaka nusu saa ipite. Akanitazama tena, safari hii kwa makini. "Basi wewe ndiwe Sidi," akasema. "Yule wa utumbo." Wanawake wawili waliokuwa ubavuni mwetu waligeuka. Sikuona haya. Nimeitwa majina mengi maishani, lakini hilo la utumbo ndilo ninaloliitikia kwa moyo mweupe, kwa sababu nililifanyia kazi. Binti akaniambia shangazi yake hakuwahi kufunza darasa la lishe bila kunitaja. Watu wakisikia habari yangu hupenda kuuliza niliumwa vipi. Bi Zuhura, miaka yote niliyomjua, hakuniuliza hivyo hata mara moja. Yeye aliniuliza nimekula nini.

Mwaka nilioumwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Ilikuwa masika. Maumivu yalinishika nikiwa kwenye mashine, karibu na saa ya chakula cha mchana, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea tumbo la kuja na kuondoka tangu utotoni, niliendelea kushona kola tatu zaidi. Ya nne sikuimaliza. Achieng, aliyekuwa akishona kwenye mashine ya kando yangu, ndiye aliyeniona nimeinamisha kichwa juu ya kitambaa. Alikuwa msichana wa kutoka Kisumu, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hata mashine zote zikiwa zinanguruma. Alinibeba mgongoni kushuka ngazi, akanipeleka hospitali, na hakuondoka mpaka nilipoingizwa chumba cha upasuaji. Nilipozinduka, daktari aliyenipasua, Daktari Mwakio, alivuta kiti akaketi, jambo ambalo nilikuja kujua baadaye kwamba hulifanya akiwa na habari nzito tu. Akaniambia utumbo wangu mwembamba ulijisokota wenyewe, njia ya damu ikafungika, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kufa walipoufikia. Wameiondoa. Nikamuuliza imebaki kiasi gani. Akapanua mikono yake mbele yangu kama muuza vitambaa. "Mita moja na kidogo," akasema. "Na mtu wa kawaida huwa na ngapi?" Akafikiri kidogo. "Tano. Wengine sita."

Walinilisha kwa mrija mwembamba ulioingia chini ya mfupa wa mtulinga na kwenda kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Juu yake uliangikwa mfuko wa maji ya sukari na protini, na mara nyingine mfuko mweupe kama maziwa, ambao walisema ni mafuta. Hivyo nilikuwa nikishiba bila kula, na nataka niseme wazi kwamba kushiba kwa namna hiyo hakuna ladha ya uhai. Wodi yetu ilikuwa ya vitanda kumi na viwili, madirisha makubwa, feni mbili, na kila siku saa saba kamili mlango ulifunguliwa, kigari cha chakula kikaingia. Nilijua kwa pua tu kama ni maharagwe au kabichi. Kila nilipoonjeshwa kitu, kilipita moja kwa moja kama maji kwenye paipu, na mama yangu akashuka na beseni na kupanda na beseni. Nilikonda hadi pete ikaanguka kidoleni yenyewe. Miaka imepita, lakini nikiulizwa ni kitu gani kilichoniuma zaidi mwezi ule wa kwanza, sitataja kidonda. Nitataja mama yangu akijifanya hana njaa ili asile mbele yangu.

Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, kando ya meza ya masista, na baina yetu palikuwa na pazia la kijani tu. Mchana mmoja, baada ya vyombo kuondolewa, nilimsikia Daktari Mwakio akizungumza na mwanamke ambaye sauti yake sikuijua. "Tumlishe kwa mshipa mpaka lini?" daktari aliuliza. "Mishipa ina mwisho wake. Na hii mifuko haipatikani kila wiki. Nafikiri nimwite mamake." Yule mwanamke akauliza, "Umwambie nini?" "Ukweli." "Ukweli gani, daktari? Huo utumbo uliobaki mmeupa nafasi ya kufanya kazi?" Daktari akasema utumbo ukikatwa haukui tena. Mwanamke akamjibu taratibu, kama mtu anayekunja nguo, "Haurefuki, hilo sawa. Lakini hupanuka, na hujifunza. Usipopewa chakula ndipo husinyaa. Nipe mwaka." "Mwaka mzima, Bi Zuhura?" "Mwaka." Nililala nikitazama feni. Nilikuwa na hasira kwamba wananigawa kama kitambaa, lakini neno lile la mwisho nililishika kwa mikono miwili. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyekuwa amenitajia muda wowote ulio mbele yangu.

Kesho yake asubuhi yule mwanamke, mtaalamu wa lishe wa hospitali, akaja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, koti jeupe juu ya buibui, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, kisha akaniuliza, "Wajua kuandika?" "Najua." "Vyema. Utakuwa karani wangu." Akanipa daftari la kurasa mia na kalamu. Kila kilichoingia kinywani na kila kilichotoka, niandike, na saa yake. Ndipo akanieleza jambo ambalo nimewaeleza watu wengi tangu siku ile, na kila mara nalieleza kwa maneno yake. "Sikiza, mwanangu. Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo mno, kama nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Taulo lako limekatwa, limebaki kipande. Kipande hatuwezi kukirefusha, lakini nyuzi zake zaweza kurefuka na kunenepa. Na utumbo una homoni yake wenyewe ya kuzikuza hizo nyuzi, lakini huitoa chakula kinapopita. Kisipopita, hautoi. Kwa hiyo ukila vijiko vitatu na viwili vikapotea, usilie. Kile kimoja kimekulisha wewe, na vyote vitatu vimeuamsha utumbo." Nikamuuliza kama itauma. "Itakuchosha," akasema. "Kuchoka si kufa."

Tukaanza na mashendea, wali ule laini wa watoto na wagonjwa, vijiko vitatu kila baada ya saa mbili. Jikoni kwa hospitali walilalamika, kwa hiyo mama akawa anapika nyumbani Magogoni alfajiri na kuja na vikebe sita, kila kimoja na saa yake imeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Bi Zuhura alimfunza mama kama anavyofunzwa mwali. Tui asitumie la kwanza zito, atumie la mwisho lililo jepesi. Samaki achemshwe, asikaangwe. Chumvi aongeze, asiogope. Mchicha auache kabisa, kwa sababu kwa mtu kama mimi ungeleta mawe ya figo. Juisi, soda na chai tamu zikae mbali, maana sukari nyingi huvuta maji na kuyatoa nje. Maji yangu ya kunywa yalikuwa yale ya kupimwa, yenye chumvi na sukari kidogo, na niyanywe kwa kuramba kama paka, mbali na chakula. Mama, ambaye alikuwa amepika nazi maisha yake yote, alimwuliza mara moja tu, "Bi Zuhura, mimi nilikuwa nimekosea kumlisha?" Akamjibu, "La, dada. Ulimlisha mtu mwenye mita sita. Sasa twamlisha mwenye moja."

Kiu ndiyo iliyonishinda. Siku moja ya joto kali jirani yangu wa kitanda alikwenda kupigwa picha, akaacha jagi la maji baridi mezani. Nililinywa lote, nimesimama, mrija ukining'inia begani. Mpaka jioni yalikuwa yametoka yote na mengine ambayo sikuwa nayo, miguu ikanikakamaa, macho yakaingia ndani, na ikabidi waniongezee dripu siku mbili mfululizo. Bi Zuhura alipokuja alilifungua daftari, akaweka kidole. "Hapa saa tano mpaka saa nane pana nini?" "Hapana kitu, Bi." "Andika kilichokuwako." Nikaandika: jagi zima la maji, la jirani. "Sasa nisomee kilichofuata." Nikamsomea kwa sauti, mstari baada ya mstari, wodi nzima ikisikia. Alipotosheka akalifunga daftari, akanishika mkono, akaondoka. Hakunigombeza. Toka siku ile sijamdanganya mtu yeyote kuhusu mwili wangu, hata mume wangu niliyempata baadaye.

Mwezi wa tano tangu nilazwe, Daktari Mwakio alikuja na kisanduku chenye barafu ndani. Rafiki aliyesoma naye ng'ambo alikuwa amemtumia dawa, homoni ya ukuaji, ya wiki nne tu. Akavuta kiti akaketi, nami nikajua. "Sikuahidi kitu," akasema. "Kwingine imewasaidia baadhi ya watu wenye shida kama yako, wengine haikuwafaa. Ukikataa sitakasirika." Nikamtazama Bi Zuhura aliyekuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Ikiwa utaendelea kula, mimi sina neno. Ukidhani sindano itakulia chakula, ikatae." Nilikubali. Kila asubuhi nilichomwa pajani, na kwenye maji yangu wakachanganya unga mweupe wa glutamini, ambao walisema ni chakula cha utumbo wenyewe. Wiki ya pili vidole vilivimba kama mihogo, viungo vikauma hata kalamu sikuweza kuishika, ikawa Achieng akitoka kazini anapitia wodini kuniandikia. Alikuwa akiandika kwa herufi kubwa na maoni yake pembeni: "Leo Sidi amekula yai lote. Poa sana." Wiki ya tatu, aliyegundua kwanza ni yeye. Alipekua kurasa nyuma na mbele, akasema, "Cheki hii. Zamani ulikuwa unaenda choo mara kumi na mbili. Sasa ni tano." Kilo zilianza kurudi. Dripu ya kila siku ikawa ya siku nne kwa wiki, kisha tatu. Nyuma ya pazia nilisikia tena mabishano, safari hii ya watu wenye furaha. "Ni homoni," daktari alisema. "Ni mashendea," Bi Zuhura akamjibu. Sindano zikaisha, na mimi nikabaki na hofu kwamba kila kilichopatikana kitaondoka nazo.

Hakikuondoka. Lililokuja lilikuwa jingine. Mwezi wa saba, siku moja dripu ilipofunguliwa tu, nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mrija ulikuwa umeingia vijidudu. Wakautoa, wakanipa dawa kali, na homa iliposhuka Daktari Mwakio akataka kuingiza mwingine upande wa shingo, mahali palipokuwa pamebaki. Sinia la vifaa lilikuwa tayari limefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Bi Zuhura akamzuia. "Nipe siku saba bila mrija. Ale kwa kinywa peke yake. Akishuka sana, ufanye kazi yako." Daktari akasema akishuka sana huenda asiwe na nguvu ya kupanda tena. Wote wawili wakanigeukia mimi. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Kufa nilikuwa nimekuzoea kidogo, lakini kuamua sikuwa nimekuzoea. Nikamtazama mama. Akasema, "Mwanangu, mimi nitapika. Tumbo ni lako." Nikasema, "Siku saba."

Siku ya pili nilishuka kilo moja. Siku ya tatu nusu nyingine. Mizani ilikuwa ukumbini, ya chuma, na kila asubuhi nilitembea kuiendea nikishika ukuta. Niliomba mara sita kwa siku ziwe nane. Nilikula mashendea, yai, viazi, samaki changu wa kuchemsha, ndizi, nikala bila hamu na mara nyingine huku nalia, na kila tonge nililitafuna mpaka likawa maji kinywani. Mama alipanda na kushuka na vikebe. Siku ya nne nilikuwa kilo thelathini na nane na nusu. Ya tano, hivyo hivyo. Ya sita, hivyo hivyo. Siku ya saba Daktari Mwakio alikuja mwenyewe kwenye mizani, akainama kuangalia mshale, akanishusha, akanipandisha tena. Thelathini na tisa. Akamwambia sista, "Ondoa lile sinia." Hayo tu. Bi Zuhura alikuwa kwenye kona akisafisha miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nilirudi Magogoni mwezi wa nane. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza na jiko la makaa nje ya mlango, na mimi nikaigeuza meza kuwa ofisi: saa ya ukutani, daftari la nne, vikebe vimepangwa. Uani kulikuwa na bomba la maji, na dirisha halizuii maneno. "Yule binti amekwisha," nilisikia jirani akisema. "Mwajua wenyewe ni nini." Siku hizo mtu mwembamba alihukumiwa kabla ya kuulizwa. Mama alitaka kutoka akawajibu. Nikamzuia, nikachukua ndoo ndogo, nikatoka mwenyewe. "Hamjambo?" nikawaambia. "Mimi nimekatwa utumbo, umebaki mita moja. Mkitaka kuuona mshono, karibuni ndani." Hakuna aliyekaribia, lakini jioni yake mmoja wao, mke wa fundi seremala, alileta mayai mawili yamefungwa kwenye kanga, akamkabidhi mama bila maelezo. Nikisimulia mwaka ule sehemu hii huwa siiruki, kwa sababu siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nguvu zangu hazikuwa za tumboni peke yake.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kiwandani. Supavaiza alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Nikamweleza kwamba nitahitaji dakika tano kila baada ya saa mbili, nile. "Hapa hatuli kwenye mashine," akasema. Nikamwambia nitakula kwenye ngazi. "Na wengine wakitaka ngazi?" Achieng, bila kuinua mguu kwenye pedali, akasema kwa sauti ile yake, "Wakikatwa utumbo, wapewe ngazi." Mstari mzima ukacheka. Nikamwambia supavaiza, "Nipe mwezi mmoja. Kola zangu zikipungua, nitaondoka mwenyewe bila kuambiwa." Hazikupungua. Mwisho wa mwezi alipita nyuma yangu, akanyanyua kola moja, akaigeuza, akairudisha, akaenda zake. Nilishona pale miaka minane.

Mwaka ulipotimia niliitwa kliniki. Nilipanda mizani kwa viatu vyangu vya kazi, kilo arobaini na saba, na kwa muda wa miezi mitano hakuna kitu kilichoingia mwilini mwangu kwa sindano isipokuwa ile ya vitamini B12, ambayo nadungwa mpaka leo kila baada ya miezi mitatu. Daktari Mwakio alikuwa na madaktari wachanga wanne chumbani. Bi Zuhura aliketi karibu na dirisha. Daktari akawaonyesha makaratasi, akawaeleza upasuaji, akawaeleza homoni na wiki zake nne, kisha akamgeukia Bi Zuhura akitabasamu. "Mwenzangu hapa ana maoni tofauti. Yeye asema ni chakula." Bi Zuhura akasema, "Mimi nishasema yangu. Mwulizeni mwenye utumbo." Macho ya watu sita yakanigeukia. Mwaka mmoja nyuma ningeinamisha kichwa. Nikasema, "Daktari, naishukuru ile sindano, na sijui ingekuwaje bila yake. Lakini sindano ilikaa wiki nne. Mimi nilikaa mwaka mzima."

Bi Zuhura alivuta ncha ya buibui akajifunika mdomo, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa kicheko. Kisha Daktari Mwakio akasimama, akawaambia wale wachanga watoe kalamu, na akaniomba niwasimulie tangu siku ya kwanza, polepole, bila kuacha kitu. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kimejaa mafaili. Akanivutia cha kwake. Nikaketi, nikanyoosha rinda langu, nikaanza.